Nani Aliamua "Drive Slow" Ni Makosa?

Kuna herufi mbili za Kizungu ambazo zimeaibisha Wakenya wengi kuliko mtihani wowote wa hesabu: L na Y. Ukiziacha kwa "slow", darasa linacheka. Ukiziongeza kwa "hard", mwalimu anashika kichwa. Wengi wetu tulitoka shule ya msingi na sheria moja tu: kivumishi kinaeleza jina, kielezi kinaeleza kitendo, na ukitaka kielezi, chukua kivumishi ubandike "-ly". Kisha tukakutana na "fast". Kisha "friendly". Sheria ikafia hapo hapo, na hakuna mtu alitwambia nani aliiua.

Mimi msimamo wangu nauweka mezani mapema. Hii sheria tuliyopewa kama amri ya kumi na moja si ya zamani vile. Iligeuzwa kuwa sheria na watu wenye majina, kwa miaka tunayoijua, na mmoja wao alikuwa askofu. Ukijua hiyo stori, kutofautisha kivumishi na kielezi kunakuwa rahisi zaidi kuliko kukariri, na pia utaacha kuwacheka watu ovyo.

Wagiriki tuwapitie mbio. Karibu miaka mia moja kabla ya Kristo, kuna mtaalamu anayeitwa Dionysius Thrax ambaye kitabu chake kinagawa maneno ya Kigiriki mafungu manane. Kielezi kilikuwa na fungu lake. Kivumishi hakikuwa nalo! Kilihesabiwa kama aina fulani ya jina. Warumi wakabeba mpango huo, na jina la kielezi kwa Kilatini, "adverbium", linamaanisha tu neno linalokaa kando ya kitenzi. Hata Uingereza, wakati wa Mfalme Henry VIII, watoto walisoma sarufi ya Kilatini iliyoita kivumishi "noun adjective", yaani jina la sifa. Ilichukua mpaka karne ya 18 ndio kivumishi kipate kiti chake cha kudumu kwa vitabu vya sarufi ya Kiingereza. Kwa hivyo hata huo mpaka wenyewe, kivumishi huku na kielezi kule, haukushuka kutoka mbinguni ukiwa umechorwa.

Sasa tuje kwa stori yenyewe.

Kiingereza cha miaka elfu moja iliyopita, kabla Wanormani wavuke bahari mwaka wa 1066, kilikuwa na njia safi kabisa ya kutengeneza kielezi. Ulichukua kivumishi ukaongeza "-e" mwishoni. "Heard" ilikuwa kivumishi, ngumu. "Hearde" ikawa kielezi, kwa nguvu. "Fæst" ikazaa "fæste". "Wid" ikazaa "wide". Basi. Hiyo "-e" haikuwa pambo, ilitamkwa, kila mtu aliisikia. Hakukuwa na mtu wa kuchanganyikiwa.

Kando ya hiyo kulikuwa na mwisho mwingine, "-lic". Asili yake ni neno lililomaanisha mwili ama umbo. Ukiliweka nyuma ya jina unapata kivumishi: "freond" ni rafiki, "freondlic" ni mwenye umbo la rafiki, mwenye tabia ya urafiki. Ni kivumishi, shika hapo. Ukitaka kielezi chake, unaongeza ile ile "-e" ya kawaida: "freondlice". (Huo mwili bado uko, by the way. Wajerumani huita maiti "Leiche", na makanisa ya kale ya Uingereza yana lango linaloitwa "lichgate", mahali jeneza lilikuwa linasubiri padri. Kila ukiandika "quickly" umebeba mwili nyuma ya neno na hujui.)

Halafu ikatokea kitu ambacho hakuna mtu alikipangia mkutano. Watu wakaanza kumeza sauti za mwisho. Karne baada ya karne ile "-e" ikafifia, na kufikia miaka ya 1400 hivi watu wa kawaida hawakuitamka tena. Sasa fikiria hiyo hasara. "Hearde" bila "-e" inakuwa "hard", sawa kabisa na kivumishi. "Fæste" inakuwa "fast". Ndio maana leo unasema "a fast car" na pia "he runs fast", na hakuna "fastly". Si eti "fast" ni jeuri inayovunja sheria. "Fast" ni mzee wa kijiji, ilikuwa kielezi kabla sheria yako izaliwe. Ilipoteza tu mkia wake njiani.

Na ule mwisho mwingine? "-Lic" ilipoteza sauti ya mwisho ikawa "-ly". "-Lice" nayo ikapoteza zake ikawa "-ly" vile vile. Mapacha. Kivumishi cha zamani na kielezi cha zamani vikaishia kuvaa nguo moja. Upande mmoja tukabaki na "friendly", "lovely", "cowardly", ambazo ni vivumishi toka kitambo. Upande wa pili watu, baada ya kupoteza "-e", walihitaji alama mpya ya kielezi, wakaona hii "-ly" inafaa, wakaanza kuibandika kila mahali. Kwa hivyo mwalimu akikuuliza mbona "friendly" iko na "-ly" na si kielezi, jibu ni kwamba "-ly" ilianza kazi kwa vivumishi. Ni kielezi ndicho kilikuja kuazima.

Majirani walifanya mengine. Wafaransa walichukua neno la Kilatini la akili, "mente", wakalifanya mkia wa kielezi. "Lentement", polepole, chimbuko lake ni "kwa akili ya taratibu". Wafaransa wanafanya mambo kwa akili, Waingereza kwa mwili, chora mchoro wako mwenyewe. Wajerumani nao hawakujisumbua: "schnell" ni gari lenye kasi na pia ni kuendesha kwa kasi, neno moja, na hakuna Mjerumani anachekwa kwa hilo.

Kwa muda mrefu Waingereza pia hawakuchekana. Maneno yenye "-ly" na yasiyo nayo yaliishi nyumba moja. Shakespeare alitumia "slow" kama kielezi. Watu wa karne ya 17 waliandika "exceeding" mahali sisi tungeandika "exceedingly", na "extreme" mahali pa "extremely", na walikuwa watu wa heshima, si watu wa kona ya mtaa.

Hapo ndipo anaingia Robert Lowth.

Mwaka wa 1762 Lowth, padri wa Kanisa la Anglikana na msomi wa Kiebrania, alitoa kitabu kidogo cha sarufi ya Kiingereza. Inasemekana alianza kukiandika kwa ajili ya mtoto wake. Baadaye akawa askofu wa Oxford, kisha wa London. Kwa tanbihi za kitabu chake, alichukua sentensi za waandishi wakubwa akaonyesha makosa yao. Kuhusu vivumishi kutumika kama vielezi alisema si sawa, si tabia ya lugha. Na mifano aliyotoa ni ya nani? Shakespeare. Dryden. Swift. Yaani aliwasahihishia hao wote kwa kalamu nyekundu, na Shakespeare alikuwa amekufa zaidi ya miaka mia moja na arobaini, hawezi kujitetea.

Tukae hapo kidogo, kwa sababu hapa ndipo naona utamu wa stori yote. Lowth hakusema "hivi ndivyo Waingereza huongea". Ushahidi alikuwa nao mezani, tena kutoka kwa mabingwa, na ulisema kinyume. Alisema "hivi ndivyo wangepaswa kuongea". Kwa mtu aliyelelewa na Kilatini inaeleweka. Kilatini kina mwisho wake wa kielezi na mwisho wake wa kivumishi, kila kitu kwa sanduku lake. Kiingereza kilikuwa kimepoteza sanduku moja, na "-ly" ilikuwa karibu. Akafunga mlango.

Mbona watu wakamsikiza? Pesa. Karne hiyo Uingereza ilikuwa inajaa wafanyabiashara waliotajirika juzi, wenye nyumba nzuri lakini midomo ya nyumbani kwao. Walitaka watoto wao wakae meza moja na mabwana wakubwa na wasigunduliwe. Kitabu kinachokwambia "hii ni sahihi, hii ni ya washamba" kilikuwa mali. Vitabu vya sarufi vikamiminika. Mwaka wa 1795, Lindley Murray, wakili Mmarekani aliyehamia Uingereza, akatoa chake, akikopa kwa Lowth kwa wingi, akilenga shule ya wasichana mjini York. Hicho kiliuza nakala kwa mamilioni pande zote mbili za Atlantiki. Sheria ikatoka kwa tanbihi ya askofu ikaingia ubaoni.

Na kutoka ubaoni ikapanda meli.

Haya mengine unayajua kwa ngozi. Kiingereza kilipofika kwetu kilifika kama ngazi: ukikijua unapanda, usipokijua unabaki chini. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza, kwa kitabu chake cha mwaka wa 1986, vile watoto waliadhibiwa shuleni kwa kuongea Gĩkũyũ. Baada ya uhuru, Tume ya Ominde ya 1964 ikapendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia kuanzia darasa la kwanza. Mtihani wa KCPE, kuanzia 1985 hadi ule wa mwisho wa 2023, ulitupa maswali ya kujaza mapengo, A, B, C, D. Hatukupewa "kwa nini". Tulipewa "jaza". Ile hofu ya mfanyabiashara wa London ya kugunduliwa, ikawa yetu, na sisi hata hatukuwa na duka.

Kwa mtaa wetu kuna mzee aliandika kwa kipande cha mbao, rangi nyeupe: DRIVE SLOW, WATOTO. Alikiweka baada ya pikipiki kumgonga mtoto wa jirani. Mtoto alipona, lakini mguu uliwekwa plasta wiki kadhaa. Haikuisha siku tano, mtu akaja na rangi yake akaongeza LY. Picha ikazunguka kwa grupu la mtaa, emoji za kicheko kama mvua. Ati mzee amesahihishwa. Nilisoma hizo meseji zote mpaka mwisho, na hakuna hata mmoja aliuliza kama pikipiki zimepunguza mwendo.

Na mzee alikuwa sahihi! "Slow" kama kielezi iko kwa kamusi kubwa za Kiingereza hadi leo, hasa na vitenzi vya mwendo kama "go" na "drive". Wafanyakazi wa kaunti wakitangaza "go-slow", hakuna gazeti linaandika "go-slowly". Sisi tunaita mgomo baridi, na hakuna anayeuliza kama "baridi" imevaa vizuri.

Sasa usinielewe vibaya. Sijasema tupa "-ly". Kwa mtihani na kwa barua ya kazi, iandike, kwa sababu anayesoma barua yako amelelewa na Murray hata kama hamjui. Lakini kuna sehemu ambapo tofauti ni ya maana kweli kweli, na inauma kwamba tunapoteza nguvu kwa "slow" badala ya hizi.

Chukua "hard" na "hardly". Msee anaandika kwa barua ya kuomba kazi, "I worked hardly in my previous company." Anamaanisha alitoa jasho. Msomaji akielewa neno kwa neno, amesoma kwamba jamaa alifanya kazi kwa shida sana, karibu hakufanya. Nini kilitokea? Zamani "hardly" ilimaanisha kwa nguvu, kwa ukali. Ikateleza ikawa kwa ugumu, kisha ikawa kwa shida, kisha ikawa karibu sivyo. Kiswahili kinatembea njia hiyo hiyo: ukisema "huyo siku hizi anaonekana kwa shida", humaanishi anateseka akionekana. Unamaanisha haonekani. "Hard" isiyo na mkia ikabaki na kazi ya zamani. Kwa hivyo hapa ni kuongeza "-ly" ndiko kunaharibu. Vivyo hivyo "late" na "lately": "he came late" ni kuchelewa, "lately" ni siku hizi. "Near" na "nearly" pia. Kila lugha ikibaki na maneno mawili ya kazi moja, yanagawana kazi. Hiyo sheria hakuna askofu aliitunga.

Pengine penye maana ni baada ya vitenzi kama "look", "smell", "taste", "feel". Tuseme konda amekataa kukurudishia chenji. "She looked angry" ni vile msichana alionekana, sura yake. "She looked angrily at the conductor" ni vile alimwangalia konda. Sentensi ya kwanza inaeleza mtu, ya pili inaeleza kitendo cha macho. Jaribio lake ni jepesi: toa hicho kitenzi, weka "is" ama "was". "She was angry", inakubali, basi weka kivumishi. "She was angrily at the conductor", imekataa, basi ni kielezi. Ndio maana chapati "smell good", si "smell well". Chapati haina pua. Mbwa wa polisi ndiye "smells well", na hata yeye akinyeshewa hanukii "good". Hilo jaribio moja lingetosha kwa somo zima la darasa la sita, na sijui mbona lilifichwa nyuma ya orodha za kukariri.

Na kwa wale wa "grammar police" wanaosema neno lisilo na "-ly" haliwezi kueleza sifa: "very". Hilo neno lilitoka kwa Wafaransa likiwa kivumishi, likimaanisha kweli. Bado unaliona likifanya kazi yake ya zamani kwa "the very man", mtu mwenyewe hasa. Likahamia kueleza vivumishi vingine bila kuomba ruhusa wala kuvaa "-ly", na leo kila mtu analitumia, wakiwemo wanaosahihisha vibao vya wazee.

Kitu kinanichekesha ni kwamba sisi tuko na mfumo wetu, mzuri, na tunaudharau. Vijana huita Kizungu "ngeli", na ngeli ndiyo hasa hukurahisishia kazi ukiongea Kiswahili. Kivumishi cha Kiswahili hufuata ngeli ya jina lake: mtu mzuri, kiti kizuri, viatu vizuri. Kielezi hakina jina la kufuata. Kwa hivyo kimekopa kiambishi kimoja, "vi-", na kikakaa nacho: anaimba vizuri, wanaimba vizuri, ulipika vibaya. Ona sasa: "vizuri" ya "viatu vizuri" ni kivumishi, na "vizuri" ya "anaimba vizuri" ni kielezi. Neno moja, kazi mbili, kama "fast". Unajuaje tofauti? Badilisha jina. Viatu vikiwa nguo, "vizuri" inageuka "nzuri". Waimbaji wakiwa mmoja ama mia, "vizuri" haitingishiki. Umeshalifanya hilo jaribio tangu ukiwa na miaka mitatu, bila ubao, bila kiboko.

Wazungu waliokuja kuandika sarufi yetu walilazimika kulikaribia hili kutoka nje. Edward Steere alitoa kitabu chake cha Kiswahili mwaka wa 1870, baada ya kukaa Zanzibar, na naye miaka minne baadaye akawa askofu. Sijui maaskofu na sarufi wana nini. Lakini tofauti ni kwamba Steere alikuwa mgeni anayejifunza kutoka kwa wenye lugha, ilhali Lowth alikuwa mwenye lugha akiwasahihisha mabingwa wa kwao.

Nimebakisha "friendly", ile iliyoua sheria mwanzoni. Kwa kuwa ni kivumishi chenye "-ly" tayari, ukitaka kielezi chake inabidi uongeze "-ly" nyingine, upate "friendlily". Iko kwa kamusi. Jaribu kuitamka mbele ya watu. Waingereza wenyewe wameshindwa, wanazunguka na maneno manne, "in a friendly way", ili waseme mtu aliongea na mwenzake vipi. Sisi tunaweka "ki-" mbele ya rafiki. Waliongea kirafiki, stori ikaendelea.